Jembe la Dukani, Shamba la Umma

Mkulima hafui jembe lake mwenyewe. Hulinunua dukani, nguvu zake akazipeleka shambani. Lakini mkulima mwenye akili hauzi shamba ili apate jembe. Nitaitumia tofauti hiyo kupima jambo lililotokea Marekani: jinsi serikali tajiri, baada ya kupunguza fedha za kazi za anga, ilivyotaka kazi hizo ziendelee kwa msaada wa wafanyabiashara.

Shirika la anga la nchi hiyo, NASA, lilianza mwaka 1958. Mwaka 1966, mbio za kwenda mwezini zilipopamba moto, lilipata zaidi ya senti nne katika kila dola iliyotumiwa na serikali kuu. Kufikia 1975 lilipata kama senti moja, na siku hizi halifikishi hata nusu senti. Katika miaka ya neema, maabara za serikali ziliandika zenyewe programu zao za kompyuta. Maabara ya JPL huko California ilitengeneza moja, iitwayo VICAR, ili kusafisha picha za mwezi na sayari. Ilikuwa kazi njema. Hata hivyo, kila programu ya namna hiyo hudai waandishi, warekebishaji na walimu wake, nao hulipwa mishahara kila mwezi hata kama watumiaji ni wachache.

Njia nyingine ilizaliwa Boulder, Colorado. Katika maabara ya chuo kikuu cha huko, iliyokuwa ikichambua habari zilizoletwa na vyombo vya Mariner kutoka Mars, David Stern alibuni programu za kumwezesha mwanasayansi kuchora na kupima takwimu zake mwenyewe, bila kumsubiri fundi wa kompyuta. Mwaka 1977 alianzisha kampuni, na programu yake ya IDL ikawa bidhaa. Baadaye ikazaa ENVI, iliyotengenezwa hasa kwa picha za setilaiti. Kampuni nyingine, ERDAS, ilianzishwa mwaka 1978. Na Esri, iliyoanza 1969, ilitoa programu yake ya ramani, ArcInfo, mwaka 1982. Basi elimu iliyokuzwa kwa fedha ya umma ilitoka maabara ikaenda dukani, kisha serikali ikarudi dukani kuinunua kwa bei nafuu kuliko kuiandika upya.

Kwa nini iwe nafuu? Kwa sababu picha ya setilaiti, kwa kompyuta, ni jedwali la namba tu. Jani bichi humeza mwanga mwekundu, nalo hurudisha kwa wingi mwanga ulio jirani na mwekundu, ambao jicho halioni. Ukitoa kipimo cha kwanza katika cha pili, kisha ukagawa kwa jumla yake, unajua penye majani na penye ukame. Hesabu hiyo haibadiliki kwa bwana misitu, mwanajeshi au mtafuta mafuta, na wote hao wakinunua programu moja, gharama ya kuiandika hugawanywa baina yao.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nililiona jambo hili kwa kiasi kidogo. Fungu la vifaa lilipopungua, zana nyingi za kufundishia tulijitengenezea kwa kadibodi, na lilikuwa jambo jema. Lakini rula na bikari tulinunua. Sijaona mwanachuo aliyekuwa mwalimu bora kwa sababu ya kuchonga rula yake.

Hata setilaiti nzima yaweza kushughulikiwa hivyo, mkataba ukiwa na busara. Mnamo Agosti 1, 1997 kampuni ya Orbital Sciences ilirusha setilaiti yake yenye chombo cha SeaWiFS, cha kupima rangi ya bahari. NASA haikuwa mwenye setilaiti. Iliahidi mapema kununua habari zake kwa ajili ya sayansi, na kampuni ikabaki na haki ya kuwauzia wavuvi. Programu ambayo NASA iliwapa watafiti bure ili wazisome habari hizo, SeaDAS, ilijengwa juu ya IDL ileile ya dukani.

Lakini palikuwa na jaribio jingine, ambalo halikwenda vizuri. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 23, 1972, kwa fedha ya umma, ili kuipiga picha nchi kavu ya dunia. Mwaka 1984 Kongresi ilipitisha sheria ya kuikabidhi kazi hiyo kwa wafanyabiashara, na mwaka uliofuata kampuni ya EOSAT ikaanza kuuza picha. Bei ya picha moja ilifikia kama dola 4,400. Watafiti wa vyuo wakarudi nyuma. Mwaka 1989 fedha za uendeshaji zilikwisha, hata ikaagizwa setilaiti zizimwe. Ziliokolewa dakika za mwisho. Mwaka 1992 sheria ile ilifutwa. Landsat 7 iliporushwa mwaka 1999 bei ilishuka hadi dola 600, na mwaka 2008 iliamuliwa kumbukumbu yote itolewe bure. Katika mwaka bora wa mauzo, 2001, ziliuzwa picha kama 25,000. Milango ilipofunguliwa, zilichukuliwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja.

Hasara kubwa haikuwa bei. Mwuzaji hupiga picha penye mnunuzi. Sehemu nyingi za dunia ambazo hazikuwa na mnunuzi hazikupigwa picha mara kwa mara katika miaka hiyo, na mapengo hayo yamo katika kumbukumbu za Afrika. Nairobi palikuwa na kituo cha nchi zetu cha upimaji na ramani tangu 1975; wataalamu walikuwapo, na kazi ya kupima misitu na mmomonyoko ilikuwapo. Anayetaka leo kujua msitu fulani ulikuwaje mwaka 1988 huenda akakuta ukurasa mtupu.

Tulizoea kusema kwamba kupanga ni kuchagua. Serikali zetu nazo, zenye mafungu madogo zaidi, zinunue programu iliyo tayari pale inapofaa, au zichukue za bure kama QGIS, iliyoanza 2002. Chombo kikipanda bei, kingine kitatafutwa: hata SeaDAS baadaye ilijengwa upya juu ya msingi huria. Lakini kumbukumbu ya nchi ibaki mikononi mwa umma, na kila mwalimu aweze kuifungua. Jembe likivunjika, dukani lipo jingine. Picha ya 1988 ambayo haikupigwa, hakuna duka linaloiuza.