Mmea wa Mtakatifu Yohane (Hypericum perforatum)

Mmea wa maua ya njano wenye asili ya Ulaya, unaochanua karibu na sikukuu ya Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Miongoni mwa mitishamba inayotumiwa dhidi ya sonona, huu umechunguzwa kuliko mingi, na ushahidi wake si wa kupuuzwa. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio 29 na wagonjwa 5,489, yaliona kuwa unashinda kidonge kisicho na dawa, unalingana na dawa za kawaida za sonona, na maudhi yake ni machache. Wanaoupinga hutaja jaribio la Marekani la mwaka 2002, ambamo haukufua dafu. Lakini humo humo sertralini, dawa inayokubalika, nayo haikufaulu kwenye vipimo vikuu. Jaribio hilo peke yake haliamui.

Hoja dhaifu zaidi ni ile ya watetezi: kwamba cha asili hakidhuru. Kinachotibu kina nguvu, na nguvu hiyo haichagui. Kemikali ya haiperforini iliyomo huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huondoa mwilini dawa nyingine kabla hazijamaliza kazi: vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini ya kuzuia damu kuganda, saiklosporini ya waliopandikizwa figo, hata dolutegraviri, nguzo ya tiba ya VVU Afrika Mashariki. Ukichanganywa na dawa za sonona, serotonini, kemikali ya ubongo, yaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mganga, daktari na mfamasia wote wanapaswa kuuliza, bila kukejeli, mgonjwa anakunywa nini nyumbani. Anayeogopa kudharauliwa huficha.