Jina la ukoo Janssens: asili yake, maana yake na wingi wake

0. Utangulizi

Mkongo aliyesoma historia ya nchi yake halisikii jina Janssens bila kukumbuka ubao wa darasani. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens, mkuu wa jeshi lililoitwa Force Publique, aliwakusanya askari mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akawaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mambo sawa. Siku ile ile maasi yalizuka katika kambi ya Thysville, na yaliyofuata yanajulikana. Tangu hapo jina hilo limekaa katika kumbukumbu ya Wakongo kama jina la mtu mmoja na la tendo moja.

Huko Ubelgiji, hata hivyo, Janssens ni jina la watu zaidi ya 25,000, takriban Mbelgiji mmoja katika kila 400. Katika orodha ya majina ya ukoo ya nchi nzima huwa la pili, likitanguliwa na Peeters peke yake. Walio wengi kati ya watu hao hawana udugu na jenerali yule, wala hawana udugu wao kwa wao. Ndipo swali linapozuka: jina lililoenea kiasi hicho linasema nini juu ya wale wanaolichukua? Je, wingi wa jina ni wingi wa ukoo?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo kwa njia ya isimu na ya historia. Mwishoni yatayatazama majina ya Kongo yenyewe, kwa kuwa jambo lililolipata jina Janssens zamani linayapata majina ya hapa nchini hivi leo.

1. Umbo la jina na maana yake

Janssens ni jina la Kiholanzi, lugha wanayoisema Waflamandi, yaani Wabelgiji wa upande wa kaskazini. Shina lake ni Jan, jina la mtu. Jan ni ufupisho wa Johannes, umbo la Kilatini lililotokana na Kigiriki, nacho Kigiriki kililipokea kutoka katika Kiebrania Yohanan, maana yake «Mungu amekuwa na neema». Wasemaji wa Kiswahili wanalo jina hilo hilo katika sura zaidi ya moja: Yohana au Yoane kwa Wakristo, na kwa Waislamu Yahya, ambaye ndiye Yohana Mbatizaji wa Wakristo.

Baada ya shina huja viambishi tamati. Cha kwanza ni -s ya umilikaji, inayofanya kazi ya kiunganishi «wa» katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba Kiswahili hukitanguliza kinachomilikiwa, nacho Kiholanzi humtanguliza mwenye mali. Kinachofuata ni -sen, mabaki ya neno la zamani lenye maana ya mwana wa kiume, ambalo leo huandikwa zoon. Basi Jans-sen ni «mwana wa Jan». Kisha huongezwa -s nyingine, ya umilikaji vilevile, na kuzaa Janssens: kwa tafsiri ya neno kwa neno, «wa mwana wa Jan». Ni jina lenye umilikaji mara mbili. Peeters, Jacobs na Willems yana umilikaji mmoja tu: wa Peeter, wa Jacob, wa Willem. Mwisho huu wa -s ni alama inayowatambulisha Waflamandi. Kaskazini zaidi, nchini Uholanzi, umbo lililoenea ni Jansen, lisilo na -s ya mwisho. Na katika mkoa wa Limburg wa nchi hiyo hiyo, Janssen.

Jan hakuzaa jina hili tu. Wadenmark na Wanorwei wana Jensen na Hansen, Waswidi wana Johansson, Warusi na Wabulgaria wana Ivanov, Waingereza wana Johnson. Wawelisi wana Jones, lililojengwa kwa jina na -s peke yake. Yote hayo husema jambo moja kwa lugha mbalimbali.

Wakaaji wa Goma wamekutana na ndugu hao wawili, Johnson na Janssen, pengine bila kutambua. Mnamo Novemba 2019 ilianza kutolewa mjini humo chanjo ya pili dhidi ya Ebola, na dozi yake ya kwanza ilitengenezwa na Janssen, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1953 na daktari Mbelgiji Paul Janssen (1926–2003) na kununuliwa mwaka 1961 na kampuni ya Kimarekani Johnson & Johnson. Mwana wa Jan alinunuliwa na mwana wa John. Majina ni mamoja kwa maana, lakini koo ni mbali mbali.

2. Jinsi jina lilivyoganda

Hapo mwanzo Janssen halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa maelezo ya kweli juu ya mtu: baba yake aliitwa Jan. Msomaji wa Kiswahili anaijua desturi hiyo vizuri. Mfanyabiashara maarufu wa karne ya 19, anayejulikana kwa lakabu ya Tippo Tip, aliitwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab. Mwanawe, aliyepigana na majeshi ya Leopold II mashariki ya Kongo mwaka 1892 na 1893, hakuitwa Sefu bin Muhammed bali Sefu bin Hamed. Neno «bin» lilisonga mbele pamoja na kizazi. Kila mtoto alitajwa kwa baba yake mwenyewe, na jina lilibaki kweli daima. Nchini Iceland mambo ni hivyo hata leo: mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson, na binti yake ni Jónsdóttir, kama vile «bin» na «binti».

Katika miji ya Flandria na Brabant mwendo huo ulianza kusimama tangu karne ya 13 na kuendelea. Miji ilikuwa imejaa watu, biashara ilikuwa na mikataba, na kodi ilikuwa na madaftari. Karani aliyemwandika mtu leo alitaka kumkuta mwanawe kesho kwa jina lile lile. Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuweka vitabu vya ndoa na vya ubatizo, na vitabu hivyo vikazidi kuyakaza majina. Hatimaye sheria ya dola ilikuja kufunga mlango. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 23 Agosti 1794 ilimkataza mtu kuchukua jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Na nchi inayoitwa Ubelgiji leo ilipounganishwa na Ufaransa mwaka 1795, kanuni za hali ya raia za Kifaransa zilifuata. Huko Uholanzi, amri ya Napoleon ya tarehe 18 Agosti 1811 iliwalazimu wasio na jina la ukoo kujichagulia moja.

Tangu hapo jina liliacha kusema kweli. Pieter Janssens hakuwa tena mwana wa Jan. Baba yake huenda aliitwa Willem, na Jan aliyeliacha jina alikuwa amekufa miaka mia tatu nyuma, wala hakuna aliyemkumbuka. Na mwanamke aitwaye Janssens huchukua jina ambalo ndani yake limo neno «mwana wa kiume». Lau desturi ya Kiswahili ingegandishwa na karani katika siku za babu yake Tippo Tip, Hamed na Sefu wote wangeitwa Bin Rajab, na vitukuu vyao hali kadhalika.

3. Wingi wa jina na sababu zake

Yaliyotangulia ndiyo yanayoeleza wingi. Mwishoni mwa Zama za Kati, idadi ya majina ya ubatizo katika Ulaya ya Magharibi ilikuwa imepungua sana. Majina machache ya watakatifu yalitawala, na Johannes lilikuwa mbele, kwa kuwa lilibeba heshima ya watakatifu wawili, Mbatizaji na Mwinjili. Katika mji mmoja akina Jan walikuwa wengi, na kila mmoja wao aliweza kuanzisha akina Janssens wake. Kwa hiyo jina halikuchipuka katika shina moja kisha likatawanyika. Lilichipuka mahali pengi kwa wakati mmoja. Wingi wake wa leo haupimi uzazi wa mzee mmoja. Unapima jinsi jina Jan lilivyopendwa wakati majina yalipokuwa yakiganda.

Mgawanyo wake katika nchi unathibitisha hoja hiyo. Janssens limejaa zaidi katika mkoa wa Antwerpen na majirani zake, penye desturi ya -s. Upande wa kusini, kwa Wawaloni wasemao Kifaransa, majina yanayoongoza ni mengine, kama Dubois na Lambert, ijapokuwa akina Jean hawakukosekana huko. Tofauti haiko katika kuwako au kutokuwako kwa watu, bali katika sarufi ya kuunda jina.

Hata hesabu zenyewe zahitaji uangalifu. Nchini Uholanzi De Jong, maana yake «kijana», huhesabiwa kuwa jina la kwanza, na Jansen, lenye watu zaidi ya 70,000, hulifuata kwa karibu. Lakini orodha huhesabu Jansen peke yake na Janssen peke yake, ingawa tofauti ni herufi moja iliyoachwa au kuongezwa na mwandishi fulani wa zamani. Yakijumlishwa, mwana wa Jan humpita «kijana». Marekani nayo, katika sensa ya mwaka 2010, ilihesabu watu 1,932,812 waitwao Johnson, jina la pili baada ya Smith. Miongoni mwao wamo wazao wa Waswidi waliogeuza Johansson, na pia Wamarekani Weusi wengi, wazao wa watumwa. Hapo jina haliwezi kabisa kuwa ushahidi wa damu.

Si majina yote yaliyo hivyo. Mjini Brussels, hesabu za miaka ya karibuni zimeliweka Diallo mbele ya majina ya Kibelgiji, kutokana na wahamiaji waliotoka Guinea na nchi jirani. Diallo, pamoja na Bah, Barry na Sow, ni jina la mojawapo ya koo kubwa nne za Wafulani. Huko jina linataja ukoo kwa kusudi. Hivyo majina mawili yenye wingi unaokaribiana katika mji mmoja yana historia mbili zilizo tofauti kabisa, na anayehesabu bila kuuliza asili hataiona tofauti hiyo.

4. Majina ya Kongo mbele ya karani

Katika Kivu ya Kaskazini, kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, na Kasereka ni wa tatu. Akina Kambale ni wengi katika kila darasa la Butembo, nao si ukoo. Wingi wao unatokana na ukweli kwamba mama wengi wamezaa mtoto wa kiume wa pili. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi na Kabanga ni pacha. Majina haya bado yanasema, kama Janssen lilivyokuwa likisema zamani: anayeyasikia hupata habari ya kweli juu ya mwenye jina.

Siasa ya majina nchini imetazama zaidi asili ya jina kuliko kazi yake. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliyaondoa majina ya Kikristo kwa ajili ya uhalisi, na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitaka majina yatolewe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Lakini jina linaweza kuwa la asili ya Kongo na bado likanyamaza. Wazazi wengi wa mijini sasa huwapa watoto wote jina la baba, kwa sababu shule, urithi na hasa safari za Ulaya hudai jina moja kwa nyumba nzima. Sababu hizo si za kudharauliwa, kwani mzazi aliye ugenini huulizwa kwa nini jina la mwanawe si lake. Hata hivyo matokeo yake ni yale yale ya Antwerpen: kifungua mimba anaitwa Kambale, binti anaitwa Kambale, na Mbuyi hana pacha.

Karani wa Kongo ana nafasi ambayo karani wa Napoleon hakuwa nayo. Cheti cha Kongo kina mahali pa majina matatu: jina, jina la pili na jina la ubatizo. Mahali pa kwanza paweza kupewa jina la baba, ili nyumba itambulikane; mahali pa pili pakabaki kwa jina la mtoto mwenyewe, alilolipata kwa namna alivyozaliwa. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo, ila mzazi anayejua anachoandikisha.

5. Hitimisho

Janssens maana yake ni «wa mwana wa Jan», lakini limeacha kusema hivyo tangu madaftari yalipoligandisha. Wingi wake si wingi wa ukoo. Ni kumbukumbu ya jina la ubatizo lililopendwa na ya sarufi ya Waflamandi. Hata sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2014, iliyowaruhusu wazazi kumpa mtoto jina la baba, la mama au yote mawili, imeongeza uhuru wa kuchagua tu, haikuyarudishia majina maana. Jina likiisha kuganda haliyeyuki. Majina ya Kongo hayajafika huko yote, na walimu wa lugha wana wajibu wa kuyaandika pamoja na maana zake wakati wangali wapo wazee wa kuulizwa.