Tosti ya mayai na mdalasini: Namna ya kuuokoa mkate uliokauka

MKATE uliokaa kabatini siku mbili hupoteza ulaini wake, na katika nyumba nyingi vipande vya mwisho huishia katika pipa la taka au hutupiwa kuku. Ilhali vipande hivyo ndivyo hasa vinavyofaa kuandalia tosti ya mayai iliyotiwa mdalasini, mlo ambao katika baadhi ya hoteli za mijini sahani moja huuzwa kwa bei ya mkate mzima au zaidi.

Upishi wake si mgumu. Hata hivyo, wengi huupata ukiwa umeungua nje na kuwa majimaji ndani, au mdalasini ukiwa umeganda madongemadonge juu ya mayai. Makala haya yanaeleza mlo huu ni upi, ulikotoka, jinsi ya kuutayarisha nyumbani, na mipaka ambayo mpishi hapaswi kuivuka anapojaribu kuokoa chakula kisiharibike.

Jina na asili yake

Tosti ya mayai ni kipande cha mkate kilichochovywa katika mchanganyiko wa mayai na maziwa, kisha kikakaangwa kwa mafuta kidogo. Baadhi yetu huiita mkate wa mayai, lakini jina hilo huleta utata. Katika Pwani, mkate wa mayai ni kitu kingine kabisa: ni andazi laini mfano wa keki, la mayai yaliyopigwa, sukari na unga. Kwa sababu hiyo, hapa tutatumia neno tosti.

Waingereza na Wamarekani huihusisha tosti hii na Ufaransa, ingawa Wafaransa wenyewe huiita pain perdu, yaani mkate uliopotea. Maana yake ni mkate ambao ungetupwa lau si kuokolewa namna hii. Wajerumani nao huiita kwa jina lenye maana ya mashujaa maskini, na Wahispania huandaa aina yake iitwayo torrijas, hususan wakati wa Kwaresima na Wiki Takatifu.

Chimbuko lake ni la kale kuliko mataifa hayo yote. Kitabu cha mapishi cha Warumi wa kale kijulikanacho kama Apicius, kinachoaminika kukusanywa yapata karne ya 4 au ya 5, kinaeleza jinsi ya kuloweka mkate mweupe katika maziwa, kuukaanga na kuumwagia asali.

Nchini Marekani kuna masimulizi kuwa tosti hii ilibuniwa mwaka 1724 na mwenye mkahawa aliyeitwa Joseph French huko Albany, jimbo la New York. Masimulizi hayo hayasimami, kwani jina la tosti za Kifaransa tayari lilikuwa limechapishwa mwaka 1660 katika kitabu cha mpishi Mwingereza Robert May. Tosti za May, hata hivyo, hazikuwa na yai. Zilirowekwa katika mvinyo wenye sukari na maji ya machungwa.

Jina hilo liliwahi kuingizwa hata katika siasa. Mwaka 2003, Ufaransa ilipopinga vita vya Iraq, mikahawa ya Bunge la Wawakilishi la Marekani iliibandika lakabu ya tosti ya uhuru. Jina la awali lilirejeshwa mwaka 2006.

Kwa nini mkate mkavu?

Watu wengi hudhani mkate hukauka kwa sababu tu maji yake yamepotea hewani. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Unapookwa, wanga uliomo katika unga hunyonya maji na kulainika. Unapopoa, chembe za wanga hujipanga upya polepole na kukakamaa, na mkate ukawa mgumu hata kama umefungwa vizuri katika karatasi yake.

Ukakamavu huo huenda kasi zaidi ndani ya friji kuliko juu ya meza, ijapokuwa friji hiyo hiyo huchelewesha kuvu. Anayetaka kuhifadhi mkate kwa siku nyingi afadhali auweke katika sehemu ya kugandishia barafu, ambako ukakamavu na kuvu vyote husimama.

Kwa mpishi wa tosti, ugumu huo ni faida. Mkate mbichi uliotoka dukani asubuhi hunyonya maziwa na kusambaratika mkononi. Mkate wa siku moja au mbili hunyonya bila kuvunjika, na moto wa kikaango huulainisha tena ndani. Iwapo mkate ulio nao ni laini, tandaza vipande wazi usiku kucha chini ya kitambaa safi, au uvikaushe kwa dakika chache juu ya kikaango kisicho na mafuta.

Kuujua mdalasini

Mdalasini ni gamba la ndani la mti. Jina lake linashabihiana na neno la Kiajemi darchini, lenye maana ya mti wa Uchina. Sokoni kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni mdalasini wa Sri Lanka, uitwao kitaalamu Cinnamomum verum. Vijiti vyake ni matabaka mengi membamba yaliyoviringishwa pamoja, ni vyepesi kuvunjika, na rangi yake ni ya hudhurungi isiyokolea. Aina ya pili ni kasia, ambayo hutoka zaidi Indonesia, Uchina na Vietnam. Kijiti chake ni gamba moja nene na gumu, lenye rangi iliyokoza na ladha kali.

Tofauti hii si ya ladha tu. Kasia ina kemikali iitwayo kumarini ambayo, ikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu, inaweza kudhuru ini la watu walio wepesi kuathirika. Katika mdalasini wa Sri Lanka kemikali hiyo ni haba mno. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzani wa mtu kwa siku. Mtoto wa kilo 15 basi hapaswi kuzidisha miligramu 1.5, ilhali gramu moja ya kasia inaweza kuwa na takriban miligramu 3. Kula tosti mara moja moja hakuna hatari. Anayewapa watoto wadogo mdalasini kila siku ndiye anayefaa kutafuta ule wa Sri Lanka.

Jambo la pili ni uchafu katika unga. Mwishoni mwa mwaka 2023, mamia ya watoto nchini Marekani waliripotiwa kuwa na madini ya risasi mwilini baada ya kula rojo la matufaha lililotiwa mdalasini uliochafuliwa. Mwaka uliofuata, mamlaka za nchi hiyo zilitoa maonyo kuhusu aina kadhaa za unga wa mdalasini. Ukishasagwa, mdalasini hautambuliki kwa macho. Ni busara kununua vijiti, kuvikagua, na kuvisaga au kuvitwanga nyumbani kwa kiasi kidogo. Fauka ya usalama, harufu yake huwa nzuri zaidi.

Vinavyohitajika kwa walaji 4

- Vipande 8 vya mkate mweupe au wa ngano nzima, wa siku moja au mbili
- Mayai 3
- Maziwa mililita 180, yaani robo tatu ya kikombe
- Sukari kijiko 1 cha mezani
- Mdalasini uliosagwa kijiko 1 cha chai
- Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- Iliki iliyosagwa au vanila kidogo, ukipenda
- Samli au siagi vijiko 2 vya mezani

Asiyekunywa maziwa ya ng'ombe anaweza kutumia tui la nazi kwa kipimo kile kile. Tui huoana vyema na iliki.

Jinsi ya kutayarisha

1. Katika sahani pana yenye kina, changanya sukari, mdalasini na chumvi zikiwa kavu. Hatua hii ndogo ndiyo huzuia madonge, kwa sababu unga wa mdalasini hauyeyuki katika maziwa bali huelea. Chembe za sukari huutenganisha.

2. Vunja mayai ndani ya sahani hiyo na upige kwa uma hadi ute na kiini vichanganyike kabisa. Ute usiochanganyika ndio huacha mabaka meupe juu ya tosti.

3. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Ongeza iliki au vanila.

4. Weka kikaango kwenye moto wa wastani unaoelekea kuwa mdogo. Kwa jiko la makaa, subiri miali itulie kisha ufunge mlango wa jiko kiasi ili kupunguza hewa. Tia samli kijiko nusu.

5. Chovya kipande cha mkate kwa sekunde 10 hadi 15 kila upande. Mkate mkavu zaidi uongezewe muda. Kiinue, acha matone yachuruzike, kisha ukiweke kikaangoni. Koroga mchanganyiko kabla ya kuchovya kipande kingine, maana mdalasini hutuama.

6. Kaanga kwa takriban dakika 3 kila upande, hadi rangi iwe ya dhahabu. Bonyeza katikati kwa mwiko: kikirudi juu kama sponji, kimeiva, kikitoa majimaji, kiache zaidi.

7. Futa kikaango kila baada ya vipande viwili au vitatu na uongeze samli, ili mabaki yaliyoungua yasichafue vipande vinavyofuata.

Samli inapendekezwa kuliko siagi kwa kuwa chembe za maziwa zilizo katika siagi huungua upesi. Mwenye siagi pekee aichanganye na mafuta kidogo ya kupikia. Andaa tosti ikiwa moto, pamoja na ndizi mbivu, embe au asali. Ikiwa itanywewa chai yenye sukari, asali haihitajiki.

Mipaka ya kuokoa chakula

Mkate mkavu si sawa na mkate wenye kuvu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema: hukwangua doa la kijani na kukaanga sehemu iliyosalia, wakiamini kuwa moto husafisha kila kitu. Mkate una vitundu vingi, na nyuzi za kuvu hupenya mbali kuliko doa linaloonekana. Tena, baadhi ya sumu zinazotengenezwa na kuvu haziangamizwi na moto wa jikoni.

Wakenya wana sababu ya kulijua hili. Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa nchi, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu ya mkate aghalabu ni ya aina nyingine na si kali kiasi hicho, lakini hakuna mpishi awezaye kuitambua aina yake kwa kuitazama. Mkate wenye doa la kuvu utupwe wote, na kuku pia wasipewe.

Mayai nayo yaive. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao huangamia chakula kikifika nyuzi 71 za Selsiasi. Hiyo ndiyo sababu ya moto mdogo: moto mkali huunguza sukari juu huku yai la ndani likiwa bado bichi. Uangalifu zaidi unahitajika kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee. Mchanganyiko uliobaki baada ya kuchovya mkate usiwekwe hadi kesho. Ukaange papo hapo uwe kimanda kitamu.

Tosti zilizobaki zikishapoa hudumu siku mbili katika friji, na zaidi ya mwezi zikigandishwa. Za friji zipashwe moto juu ya kikaango kikavu kwa moto mdogo, zikiwa zimefunikwa, hadi ziwe moto hadi katikati.