Bati, Pamba na Ushuru

Katika Bugwema, mkulima akipeleka pamba chamani, hesabu yake ya kwanza ni bati. Msimu ukiharibika, nyumba husimama kwenye lenta. Mwashi hutafuta kibarua ziwani, na mchoma matofali hubaki na tanuri lisilo mnunuzi. Halmashauri nayo huumia, kwa maana ushuru wa mazao hutoka katika mzani uleule. Shida ilikuwa kubwa zaidi halmashauri zilipovunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu mwaka 1976: mkulima hakuwa na chama kikuu cha kumuuzia pamba, wala halmashauri ya kudai barabara ya kupitisha lori la saruji. Sheria za mwaka 1982 ziliwarudishia wakulima vyombo hivyo viwili, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984.