Wapagazi waliotuachia Kariakoo

Wako watalii wanaoingia nchini mwetu na magari makubwa yenye kitanda, jiko na hata choo ndani yake. Wakifika pwani hutafuta miji ya kale ya kikoloni iliyo kando ya mito, na wengi huelekezwa Pangani. Hawapotei. Lakini mji wa namna hiyo uko hapa hapa Dar es Salaam, na kuuona hakuhitaji gari la kulala. Daladala inatosha, chombo ambacho nacho kina historia yake, maana jina lenyewe limetokana na ile sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, tuliyokuwa tukimpa utingo katika miaka ya themanini. Mimi juzi nilikwenda kwa basi la mwendokasi, nikashuka kituo cha Msimbazi Polisi, nikaanza kutembea.

Mto wetu ni Msimbazi. Unatoka vilima vya Pugu, unapita bonde la Jangwani na kuingia baharini penye daraja la Selander. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, alielekea bandarini, mto akaupa kisogo. Wajerumani waliohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 wakafanya vivyo hivyo. Mto ukabaki nyuma ya nyumba, na huko nyuma ndiko alikopangiwa Mwafrika. Uzunguni kulikuwa na upepo wa bahari, Uhindini kulikuwa na maduka, kisha ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja ili kutenga watu na watu, ndipo ikaja Kariakoo, na baada ya Kariakoo bonde la maji. Basi mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, na nyumba za bondeni zilipovunjwa mwaka 2015, tulikuwa tunalipa deni la ramani iliyochorwa na watu wengine zamani.

Sasa tuje kwenye jina. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walijenga jengo la soko katika eneo hili, lakini vita vikazuka mwaka 1914 kabla wauzaji hawajaweka bidhaa zao. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nako walipata Kariokor yao kwa njia hiyo hiyo.

Nani walikuwa wapagazi hao? Walikuwa wakulima na vijana wa vijijini, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga mabegani kulifuata jeshi kwenye misitu ambamo malori yalikwama na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu yao rasmi ya wapagazi waliokufa ilipita 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani naye alikuwa na wapagazi wake, ambao habari zao ziliandikwa kwa uchache zaidi.

Pale mjini ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Maandishi yake yanawataja wapagazi, tena kwa Kiswahili, lakini aliyesimama juu na bunduki yenye singe ni askari peke yake. Nairobi walau mpagazi alisimamishwa pamoja na wenzake. Kwetu alipewa soko.

Na si soko tu. Tembea mitaani usome vibao. Mtaa wa Narung'ombe, ambako leo watu wanagombania maduka kwa kodi ya kutisha, una jina la pambano la Julai 1917 huko kusini, bara ya Kilwa. Tandamti ni jina la pambano lililofuata, Agosti mwaka huo huo, upande wa Lindi. Mahiwa ndiyo kubwa kuliko yote: siku nne za Oktoba 1917, Waingereza wakapoteza watu zaidi ya 2,000, wakiwamo askari wengi wa Kinigeria walioletwa kutoka Afrika Magharibi. Nilimuuliza kijana mmoja muuza viatu Narung'ombe maana yake nini. Akacheka, akasema labda zamani palikuwa na zizi la ng'ombe.

Simlaumu. Shuleni hatufundishwi, na vibao havisemi kitu. Tunalijua vizuri jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, tena tulihuzunika lilipoungua Julai 2021. Tunaijua Lumumba, enzi hizo New Street, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hayo yana walezi wake. Waliokufa Mahiwa na mizigo kichwani hawana chama wala tawi.

Kila mwezi nyumba za zamani za vyumba sita zinabomolewa Kariakoo, yanapanda maghorofa, na mara nyingi kibao cha mtaa huondoka pamoja na kifusi. Halmashauri wanapovirudisha, hebu waongeze mstari mmoja chini ya jina: Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917. Mafundi wa rangi wa kufanya kazi hiyo wamejaa pale pale Msimbazi, wanasubiri wateja tangu asubuhi.