Mchezaji Anapokuwa Mtunzi

Katika utamaduni wetu fanani na hadhira hawajapata kutenganishwa na ukuta. Mtoto asikiapo "Kitendawili!" huitikia "Tega!", na akishindwa kukitegua hutoa mji, lakini zamu yake ifikapo, naye hutega chake. Twaanza na jambo hili kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza, ijapokuwa ilitokea ng'ambo, si ngeni kwetu: ni historia ya wachezaji wa michezo ya kompyuta waliogeuka kuwa watunzi wake.

Mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Doom. Waundaji wake waliziweka picha, sauti na ramani katika faili lililotengwa na programu yenyewe. Kwa hiyo mchezaji aliweza kutia ramani yake bila kuiharibu kazi ya asili, na haukupita muda wachezaji wakawa wanabuni ramani na kupeana. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliugeuza mchezo wa Half-Life wakaunda Counter-Strike. Mwaka uliofuata Valve, kampuni yenye Half-Life, iliinunua kazi hiyo na kuwaajiri. Hapo jasho la mchezaji lilipata ujira.

Lakini haikuwa hivyo daima. Mchezo wa Warcraft III, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2002, ulikuja pamoja na chombo cha kuchorea ramani. Kwa chombo hicho wachezaji waliunda mchezo mpya, Defense of the Ancients. Mmoja aliuanza, wengine wakauendeleza, kama ngano ipitavyo vinywani mwa wasimulizi. Makampuni yakaufuata mfano huo: Riot Games ikatoa League of Legends mwaka 2009, na Valve ikatoa Dota 2 mwaka 2013. Blizzard nayo, ilipoutoa upya mchezo wake mwaka 2020, iliandika katika masharti yake kwamba michezo iundwayo na wachezaji kwa chombo hicho ni mali ya kampuni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkulima aliyeazima jembe hurudisha jembe, wala hadaiwi mavuno yote.

Leo vijana wetu hutunga vichekesho, nyimbo na hadithi kwa simu zao, na kuzitoa katika mitandao ambayo wenyewe wako mbali. Hatusemi wazuiwe, maana kwa njia hiyo Kiswahili hupata hadhira pana. Tusemalo ni kwamba shule hazina budi kuwafundisha kuyasoma masharti kabla ya kuyakubali, na kuandika jina na tarehe katika kila kazi waitungayo. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.