Machela, Hema na Baiskeli

Christopher Columbus alipotia nanga katika visiwa vya Bahama mwaka 1492, aliwaona wenyeji wakilala ndani ya nyavu za pamba zilizotundikwa, yaani machela, malazi ambayo manowari za Uingereza ziliyakubali rasmi mwaka 1597, kwa kuwa baharia alilala salama huku merikebu ikiyumba, na asubuhi akayakunja. Lakini aliyeyafungamanisha malazi mepesi na baiskeli ni Thomas Hiram Holding, mshoni wa London (wala sistaajabu kwamba ilmu ya kusafiri na malazi mepesi ilistawishwa na mwenye sindano, si na mwenye hazina), ambaye mwaka 1897 alizuru Connemara, katika Ireland, kwa baiskeli, akiwa amechukua hema lake, na mwaka 1901 akaasisi chama cha wapiga kambi wa baiskeli.